Aliyetufundisha Kufuta Kioo: Mwalimu Maximiliana Luhende Anastaafu

Bariadi, Ijumaa, tarehe 28 Novemba 2025.

Klabu ya kompyuta imenichagua mimi, Kabula Zengo wa Kidato cha Tatu, niandike habari za Mwalimu Maximiliana Luhende katika ratiba hii ya kumuaga. Naahidi kueleza yote ninayoyajua, ya kuchekesha na ya kuhuzunisha, bila kupamba.

Mwalimu Maximiliana ametumikia ualimu kwa miaka thelathini na mitano. Jumatatu, tarehe mosi Desemba, anastaafu rasmi na kurudi kwao Mkula, ambako shamba la mpunga linamsubiri, na wajukuu pia. Alianza kazi Migato, akifundisha Jiografia kwenye ubao uliokuwa na ufa katikati. Anasema aliutumia ufa huo kuonyesha Bonde la Ufa, na fundi alipokuja kuuziba yeye ndiye aliyesikitika.

Alipohamia kwetu alikuwa mwalimu mzoefu. Kompyuta mpakato za msaada zilipoletwa, zilikaa ndani ya maboksi muhula mzima kwa sababu kila mtu aliogopa kuziharibu. Yeye aliomba kwenda mafunzoni Mwanza wakati wa likizo, akarudi, akafungua boksi la kwanza mbele ya wanafunzi. Tangu siku hiyo chumba cha kompyuta ni chake.

Sisi ni watoto wa wakulima wa pamba, na nyumbani hatujui kitu laini kuliko pamba. Ndiyo maana tulipokuwa Kidato cha Kwanza, wakati wa mavuno, mwenzetu Masalu alitoa mfukoni bonge la pamba kutoka kwao Nkololo, akaanza kufuta kioo cha kompyuta kwa nguvu zake zote.

"Madam, hii ni pamba safi ya daraja la kwanza, si fifi ile chafu ya daraja la pili," alisema kwa majivuno.

"Masalu, unafuta kioo au unakamua ng'ombe?" Mwalimu aliuliza. Tulicheka mpaka tukashika mbavu.

Lakini pamba ya shambani hubeba vipande vya majani makavu na chembe za mchanga. Kioo kilikwisha kuchubuka. Mwalimu hakumchapa wala kumgombeza. Alikishika kidole cha Masalu, akakipitisha polepole juu ya mikwaruzo ile.

"Ngozi yako ikichubuka huota nyingine," alimwambia. "Hiki hakioti."

Baada ya hapo alitufundisha upya tangu mwanzo. Kompyuta huzimwa, waya wa chaja huchomolewa, kisha tunangoja kioo kipoe. Kwanza tunaondoa vumbi kwa kitambaa kikavu, laini kama kile cha kufutia miwani, kwa mkono mwepesi, kutoka juu kwenda chini. Doa likigoma, tunalowanisha kitambaa kidogo tu. Maji hayamwagwi kamwe juu ya kioo. Tena si maji ya kisima chetu, maana yana chumvi na yakikauka huacha madoa meupe. Yeye hutumia maji safi ya chupa. Spiriti, sabuni ya unga, karatasi ya chooni na pindo la sketi ni marufuku. Kioo kikishakauka kabisa ndipo tunawasha.

Sasa nieleze lililotokea mwezi wa tisa, kwa sababu bila hilo habari hii haijakamilika.

Mwalimu alikwenda Migato kumzika mwalimu mwenzake wa zamani. Mchana wa siku hiyo upepo mkali ulivuma kutoka mashambani, ukasukuma dirisha la chumba cha kompyuta, na vumbi likafunika kila kitu. Vitambaa vyote vilikuwa kwenye kamba, vimefuliwa asubuhi, vinachuruzika maji.

"Tutumie kanga yangu, iko bwenini," alisema mwenzetu Jenipha. "Mkuu wa Shule akiona hivi tumekwisha."

"Hakuna anayegusa," alijibu Masalu. "Mimi nimeshaua kioo kimoja. Kinatosha."

Tulizima umeme, tukafunga dirisha, tukaacha vumbi pale lilipo tungoje vitambaa vikauke. Kabla havijakauka, Mkuu wa Shule, Mwalimu Magese, akapita.

"Mwalimu wenu ameondoka leo tu, chumba kimekuwa ghala la pamba!"

"Samahani, Mkuu, vitambaa bado vibichi," nilisema. Ilisikika kama kisingizio. Kesho yake mstarini alitangaza kwamba kuanzia Januari chumba kitafungwa mpaka tuletewe mwalimu mwingine. Mwakani tutafanya mtihani wa taifa wa somo la kompyuta, na wengi wetu hatuna kompyuta nyingine ya kujifunzia popote.

Mwalimu Maximiliana aliporudi tulimpokea kwa salamu ya asubuhi ya Kisukuma, "Mwangaluka, mayu," yaani mama, naye akaitikia huku macho yake yakiwa tayari kwenye meza. Aliinua kompyuta moja baada ya nyingine, akavitazama vioo kwenye mwanga wa mlangoni. Vumbi lilikuwepo bado, maana baada ya karipio la Mkuu hatukuthubutu kugusa kitu bila yeye. Mkwaruzo mpya haukuwepo.

"Nani aliwazuia?"

"Masalu, Madam."

Alimpa Masalu mkono kama mtu mzima. "Wabeja, ng'wana wane," akamshukuru kwa Kisukuma, akimwita mwanangu. Masalu alitazama chini, na hakuna aliyemtania.

Siku hiyohiyo alimwendea Mkuu wa Shule. Hatujui walizungumza nini. Tunachojua ni kwamba Mkuu alituita akasema, "Siku ya kumuaga, Mwalimu Maximiliana atasema mbele ya wazazi kama mnaweza kuachiwa ufunguo wa chumba. Neno lake nitalifuata." Tangu hapo kila tukimuuliza atasema nini, hutujibu, "Endeleeni kufuta."

Kwa niaba ya wanafunzi wote, tunamshukuru Mwalimu kwa uvumilivu wake, na kwa kutuamini na vitu vinavyovunjika. Mungu ampe afya njema, mvua za wakati, na wajukuu wanaosikia wanapoambiwa mara moja.

Mwalimu, kwaya ikimaliza ni zamu yako kusema. Mkuu wa Shule ameketi karibu nawe na wazazi wetu wanasikiliza. Je, utamwambia ufunguo ubaki nasi?