Damu Isiyojua Ifanye Nini

Sadick, mchinjaji wa Tarime, aliikusanya kanzu yake alipoona mama aliyekaa naye lorini amepakata mbwa anayeharisha damu.

"Mama, huyo kanywa zebaki ya waosha dhahabu." Tangu watu waivamie dhahabu huko machimboni, hata kikohozi kilisingiziwa zebaki.

"Hapana, baba. Bwana mifugo kasema ni virusi vya utumbo. Vinagandisha damu mishipani. Kasema nimuwahishe mjini Mugumu akachomwe sindano."

Sadick akacheka. Wateja wake Wakurya hukoroga damu ya ng'ombe kwa kijiti isigande, damu anaijua. "Imeganda, halafu inavuja?"

"Nami nilimuuliza hivyo hivyo! Eti inaganda huko ndani mpaka nguvu ya kuganda inaisha, ndiyo inavuja."

"Sasa hiyo sindano ni ya kugandisha au ya kuyeyusha?"

Mama akamtazama mbwa. "Ndiye mlinzi wa shimo langu la dhahabu," akasema taratibu. "Watu wote wananiibia, isipokuwa yeye."

Lori likasimama Mugumu. Mama akashuka mbio na mbwa wake. Tone moja la damu lilibaki kwenye kanzu ya Sadick. Ni najisi, alitakiwa alifute pale pale. Akainama tu, akilitazama, akingoja aone kama litaganda.