Gemu ya Wizi Iliishia Dakani

Ndugu zangu, assalamu alaykum. Asifiwe Mwenyezi Mungu, mwenye kusitiri aibu za waja wake! Nimeomba nafasi kabla darsa haijaanza, na mwalimu wetu amekubali huku anacheka, maana amesikia nataka kusema habari ya kompyuta. Cheka, mwalimu. Ukifika mwisho utasema subhanallah.

Mimi Zena wa Mkomani mnanijua. Wengi wenu nimewapiga video siku mlipopambwa. Kazi yangu ni kuingia na kamera mahali ambapo mwanamume haingii, nikawapiga video bibi harusi na mashoga zake bila buibui, nywele wazi, mikono imejaa hina, wanacheza watakavyo. Mama mtu hunikabidhi siku hiyo ya mwanawe, nami nikimaliza nampa yeye peke yake. Hiyo ni amana, ndugu zangu, na uzito wake naujua.

Lakini kila mtu na maradhi yake. Mimi napenda gemu ya malori! Mji wetu wa Amu ni wa punda, sijapata kushika usukani wa chombo chochote, lakini nikikaa mbele ya kompyuta naendesha lori kubwa kwenye milima ya theluji, napiga honi peke yangu chumbani. Gemu yenyewe ilikuwa ya wizi. Niliinakili kwenye flashi huko Langoni, kufuli yake imeshavunjwa na watu nisiowajua. Hata mfumo ulioendesha kompyuta ulikuwa wa kunakili vivyo hivyo. Wizi juu ya wizi, na katikati yake nimeweka nyuso za watoto wa watu!

Mashine ikaanza kuugua. Siku moja Bi Mwanaidi amekaa ubavuni kwangu, tunatazama video ya harusi ya mwanawe Salma, mara picha za uchi zikafunguka zenyewe katikati ya kioo. Nikizifunga hizi, zinafunguka zile. Bi Mwanaidi akajifunika uso kwa mkono.

"Zena," akaniambia, "ikiwa haya yaingia yenyewe, na mwanangu hatatoka nde?"

Salma ameolewa kwa watu wakali. Picha yake moja akiwa kichwa wazi ingezagaa kwenye simu za wanaume, ndoa ile isingedumu.

Mtasema, si ungepeleka kwa fundi? Fundi gani? Mafundi wa kompyuta hapa mjini wote ni wanaume, na mmoja akiifungua tu, cha kwanza atakachokiona ni Salma. Nikaizima, nikaifunika kanga, nikabaki kuomba.

Mungu akamleta Nuru, binti wa dada yangu, mwalimu wa kompyuta kule Kizingitini. Alikuja Amu kwa shughuli zake, akafikia kwangu. Akachomeka flashi yake, mashine ikaamka na mfumo mwingine kabisa. Akaziokoa video zote, akafuta uchafu wote uliokuwemo, akaweka ule mfumo mpya.

"Huu umeununua kwa nani?" nikamuuliza.

"Hauuzwi, khalati. Watu wa kila nti wameuandika wakauata wazi. Atakaye ausome, autengeneze, ampe na mwingine."

"Bila kitu?"

"Bila kitu."

"Basi huo ni wakfu!"

Nuru akacheka. "Ni wakfu, khalati."

Ndugu zangu, mwili ulinisisimka! Sisi tunatia udhu kwa maji ya visima vilivyochimbwa na watu tusiowajua hata makaburi yao. Kumbe wako wengine duniani, dini zao mbalimbali, wanachimba kisima cha namna hii, na hawajui kama yuko Zena wa Mkomani mwenye kiu.

Nuru akanifanyia majina mawili ya kuingilia. Moja la kazi, lenye neno lake la siri, humo akaziweka harusi. Jingine la mambo yangu mwenyewe. "Usitanganye ya kazi na yako, khalati," akaniambia, akapanda boti akarudi kwao.

Shetani yeye hakupanda boti. Ile flashi ya malori nilikuwa nayo bado, na Nuru alikuwa amenionyesha programu inayofanya gemu za mfumo wa zamani zikubali kwenye mpya. Nikajitolea fatwa! Si tumesoma hapa hapa kwamba maji yakifika kipimo cha qullatayn, yakawa mengi, tone la najisi haliyanajisi maadamu hayakubadilika rangi, ladha wala harufu? Nikasema, mfumo huu ni maji mengi, wakfu wa dunia nzima. Kigemu kimoja kitanajisi nini? Mwalimu, usinitazame hivyo.

Ikafunguka. Wallahi ilikwenda kuliko zamani! Theluji nyeupe pe, lori halikwami hata kidogo. Nikapiga honi mpaka jirani akagonga ukuta.

Mara lori likasimama. Kioo kikawa cheusi, yakatokea maandishi ya Kiingereza: tumechukua picha zako, fuata tutakalokuamuru au tutauonyesha ulimwengu. Na chini yake wakaanza kunionyesha walichochukua. Nikafumba macho, nikamwona Salma, nikamwona mamake amejifunika uso. Ulimi haukutamka ila "Ya Sattar! Ewe Msitiri!"

Nikafumbua. Picha ya kwanza ilikuwa paka wangu! Amelala barazani kwa jirani. Ya pili, paka. Ya tatu, lori langu siku nilipovuka mlima. Kisha ikarudi kwa paka. Harusi hata moja haikuwemo.

Nikachomoa waya wa intaneti, nikampigia Nuru nikilia.

"Ulingia kwa ina la kazi au la mambo yako?"

"La mambo yangu."

"Basi mwizi ameishia dakani, khalati. Ndani hakufika."

Allahu akbar! Nyumba ya Amu mnaijua: mgeni huishia dakani, pale mlangoni, akakaa, akapewa kahawa, na wanawake walio ndani asione hata kivuli chao. Watu walioandika mfumo ule hawajakanyaga Amu, lakini wameujenga na daka lake! Nani aliyewafundisha?

Nuru akanielekeza, nikaufuta upande ule wote. Flashi nikaiponda kwa mchi. Na fatwa yangu nimeifuta pia: maji ya wakfu hayakuwa na kosa, mimi ndiye niliyekwenda kuoshea humo kitu cha wizi.

Asubuhi yake nilikwenda kwa Bi Mwanaidi nikamweleza yote. Nikamkabidhi video ya Salma, nikamwambia akitaka, nakala iliyobaki kwangu nitaifuta mbele yake.

"Ifute," akasema. Tukaenda kwangu, nikaifuta. Akanishika mkono. "Mdogo wake Salma akiolewa, utakuya na kamera yako."

Hapo nililia kuliko nilivyolia kwenye simu.

Siku hizi nacheza gemu zilizotolewa bure na wenyewe. Sitawadanganya, milima yake ni kama vichuguu. Lakini nalala.

Ewe dada uliyebeba amana ya mtu, na ewe unayeona umeshaharibu, mtegemee Msitiri. Usingoje mpaka uwe mwema. Mimi alinisitiri nimeshika usukani wa wizi, napiga honi.