Torta ya Bibi Ines

Nyuma ya duka la kufulia nguo kwa mashine pale Adelphi, Marekani, upande wa University Boulevard, kuna benchi lililovunjika mguu mmoja, likaegemezwa tofali. Jumamosi hiyo mvua ya Novemba ilikuwa ya manyunyu, ile isiyokufukuza wala kukuacha mkavu. Njuguna, dereva wa basi waliyembatiza Breki, alikuwa amekuja na chupa yake ya kahawa ya tangawizi. Papa Mbuyi wa Lubumbashi, anayeitwa Minista kwa sababu ya tai asiyoivua hata anapokuja kufua nguo, alishakaa. Pembeni yake alikuwa Taraji, Mmarekani Mweusi wa Riverdale Park, aliyejifunza Kiswahili chuoni College Park akatoka anakizungumza kama msomaji wa taarifa ya habari. Jina lake kijiweni ni Sanifu. Kipkemboi ndiye aliyechelewa. Alipokea kikombe chake, hakunywa.

— Niaje, buda? Mbona umekaa kama mtu amefiwa? Breki akamuuliza.

— Bibi Ines amekufa. Alhamisi, nikiwa off.

Wote walimjua Bibi Ines kwa masimulizi. Kipkemboi ndiye aliyekuwa akimwosha na kumlisha kwenye nyumba ya wazee. Kabla ya kuja Marekani bibi huyo aliishi Italia, Ajentina na Ufaransa, na kiharusi kilipompiga kilimfutia Kiingereza chote. Hakuwa na mtoto wala ndugu wa kupigiwa simu. Mwezi wake wa mwisho alibaki na neno moja, akilirudia asubuhi na jioni: torta.

— Na mpaka leo sijui alitaka nini, Kipkemboi akasema. Nilimpelekea sandwichi kutoka kwa hao Wamexico ng'ambo ya barabara, hapo wameandika torta kubwa kwa dirisha. Akaiangalia, akafunga macho. Nikanunua keki. Akafunga macho vilevile.

Sanifu akajikohoza.

— Kwa Kiitaliano, torta ni keki. Ajentina pia ni keki. Mexico ni mkate uliojazwa nyama, na kwingineko ni mkate bapa. Asili yake ni Kilatini. Wapo wataalamu wanaosema maana yake ni kitu kilichosokotwa, na wapo wanaolipinga jambo hilo.

— Sanifu, umepakua sahani nne na hatujashiba hata moja, Breki akasema. Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Hilo neno lipe jembe lilime!

— Non, non, Minista akaingilia. Miye nilisoma kwa masista. Kifaransa iko tourte, ile ya nyama ndani na kifuniko juu. Na sasa ufikirie, ndugu yangu: tortue ni kobe. Askari wa Roma walibeba ngao kwa mugongo kama kobe. Njaa ikiwashika, wanachoma unga juu ya ngao. Donc, ndiyo hiyo tourte!

— Zii! Breki akapinga. Hilo neno ni letu. Kutota! Wareno walifika Mombasa wakapata watu wanachovya mkate kwa chai. Wakauliza, hii ni nini? Wakaambiwa, umetota. Wakabeba neno na meli.

— Lakini Kilatini kiliwatangulia Wareno kwa karne nyingi, Sanifu akalalamika.

— Mvumilivu hula mbivu, Breki akamjibu. Nyamaza kwanza.

— Hata hao Waroma, Minista akasema akinyanyuka, nani aliwaonyesha unga? Ni Katanga yetu! Miye nasema ni Katanga!

Breki akacheka mpaka kahawa ikamwagika. Kipkemboi akaweka kikombe chini ya benchi.

— Wazee, huyo mama amelala kwa friji.

Breki akafuta kahawa iliyommwagikia mkononi.

— Jumatatu wanamzika, Kipkemboi akaendelea. Ni mimi na padri, basi. Nataka tu kujua kama alikufa akitamani kitu kingine kinachouzwa hapa karibu.

Minista akaketi taratibu, akainyoosha tai yake.

— Pole, mutoto yangu.

— Tungenunua zote, Breki akasema kwa sauti ndogo. Ya Italia, ya Mexico, hiyo ya kifuniko. Moja ingegonga penyewe.

— Ningejua wapi, Breki? Ningejua wapi?

Mlango wa duka ukafunguka, akatoka mwanamke mwenye kapu la nguo. Alikuwa Vumilia, nesi wa Kitanzania aliyehamia majengo yale karibuni. Alikuwa amesimama nyuma ya mlango muda wote akisubiri mvua ipungue.

— Shikamooni. Samahani, nimesikia bila kutaka. Huyo bibi, hiyo torta alitaka aile, au alitaka aipike?

Breki akainua chupa amimine kahawa, zikatoka nyuzi za tangawizi tu.

Kipkemboi alikumbuka vidole vya Bibi Ines vikifinyanga ukingo wa shuka kama vinakanda unga, siku nzima, polepole. Yeye alikuwa akivikunjua na kuvirudisha chini ya blanketi ili visipate baridi.

— Sijui, dada, akasema.

— Basi pole. Nimeuliza tu.

— Umeuliza vizuri.

Kipkemboi akasimama, akafunga zipu ya koti. Shifti yake ilikuwa inaanza, na kitanda cha Bibi Ines, kile cha karibu na dirisha, kilikuwa kimeshapewa mzee mwingine ambaye hakuwa amesema neno tangu aletwe.