Posa Iliyokuja Wakati wa Kampeni

Mama zangu na dada zangu wa likelemba, chama chetu cha kuchangiana pesa, mnivumilie nikiongea nimesimama karibu na mlango. Hata leo, nikiwa depite, mbunge wenu, napenda kuona nani anaingia.

Mnakumbuka nilivyoanguka mara ya kwanza. Nilikuwa nimetoka chuo kikuu juzi tu, nikagombea Bunge la taifa. Kura zikikaribia, uvumi ukazunguka Goma: "Yule ameshaposwa Bunagana, kule mpakani. Tumpigie kura ya nini? Kiti atakipeleka kwa bwana yake." Ndugu zangu, sikuwa hata na mchumba. Nilishindwa, nikajifungia nyumbani, nikimchambua kila aliyenisalimia. Huyu ametabasamu kwa nini? Yule amenyamaza kwa nini?

Shangazi yangu ndiye aliyenitoa. "Unafikiri batu bote wanalala wakikuwaza weye? Oga, twende sokoni tuongee na bamama." Nikagombea tena.

Kampeni ikiwa imepamba moto, ikaja posa ya kweli. Kijana mfanyabiashara, mpole, na kwao ni wapi? Bunagana. Nawaambia ukweli, nilimpenda. Wazee wetu walifurahi. Mimi nikaanza kujiuliza, na kumuuliza shangazi jikoni kwake: kwa nini sasa? Kwa nini atoke kulekule? Na posa gani inakuja na mpiga picha?

Mnajua desturi yetu. Vinywaji vya wageni havifunguliwi mpaka binti aulizwe mbele ya wote. Akikubali, wazee wanakunywa, naye ameshakuwa wa upande ule. Siku hiyo ua ulijaa, hata mama wa sokoni walikuwepo. Msemaji wetu akanigeukia: "Mutoto, tunywe ao tusinywe?"

Mpiga picha akainua kamera. Shangazi akaninong'oneza, "Sema ile iko mu kichwa yako. Hapa nje, si kwangu jikoni kila asubuhi."

Nikasema, "Papa, msinywe leo. Mtakunywa kura zikishahesabiwa. Anayenitaka atarudi."

Msemaji wao akauma midomo. "Binti, tumetoka mbali. Unatuwekea kalenda ya uchaguzi?"

"Muzee," shangazi akamjibu, "bia haiozi."

Watu wakacheka, isipokuwa wageni. Walipakia kreti zao wakaondoka. Nililia sana.

Haikupita wiki, picha yangu mbele ya zile kreti ikawa kwenye kila simu: ameolewa, si wetu tena. Lakini safari hii mama wa sokoni walisimama mezani kwao wakasema, "Tulikuwa pale. Hakuna chupa iliyofunguliwa." Siku ya kura walikaa kwenye vituo mpaka matokeo yakabandikwa ukutani. Ndivyo nilivyokuwa mwanamke wa kwanza kutoka kartie yetu, mtaa huu, kwenda kukaa Bunge la Kinshasa.

Kijana hakurudi. Alitumwa, au aliumia tu? Sijui. Wenzangu wakihutubia bungeni, mimi bado nawaza.

Nilichojifunza ni hiki: shaka ukiifungia kichwani inakumaliza. Itoe mbele ya watu, utapata mashahidi. Asante shangazi, asanteni mama wa sokoni. Kijana yule, kama alikuwa mkweli, namwomba radhi mbele yenu. Kama alitumwa, na aliyemtuma yumo humu ndani, namsalimia pia.