Mwalimu Kalunde na Blanketi Yenye Vilima vya Kilungu

Kituo chetu cha ushonaji hapa Nunguni kina nguzo mbili. Ya kwanza ni mimi Musembi, mtunza stoo, maana nisipofika na funguo hakuna sindano inayotoka kabatini. Ya pili ni Mwalimu Kalunde Nzuki, aliyeajiriwa tarehe 3 Januari 1966 na anayestaafu tarehe 31 Desemba 1995. Hiyo ni miaka thelathini, na kwa heshima yake leo nitamtanguliza yeye.

Alikuja kutoka kwao Mutomo na sanduku la mbao na mkasi wake mwenyewe. Alikuta cherehani nne za kukanyaga na akina mama kumi na mmoja waliojua kutia suruali viraka, basi. Kitambaa hakikuwepo, kwa hivyo aliwafundisha kwa mifuko ya unga iliyofuliwa mpaka maandishi yakafifia. Alikuwa anatoa guu la cherehani, kile chuma kinachokandamiza kitambaa chini ya sindano, anabana kitambaa kwenye duara la mbao, halafu anakizungusha kwa mikono huku miguu ikikanyaga, na ua linatokea hapo hapo ukiangalia. Mwaka haukuisha kabla kila kiti cha Nunguni hakijapata kitambaa cha maua. Kwa Mama Muthoki nyuki waliingia sebuleni wakakaa kwenye viti siku mbili wakitafuta asali. Nilikuwepo, niliwahesabu. Walikuwa arobaini na mmoja.

Mwaka wa 1979 mambo yalichacha. Mzee Kivuva, mwenyekiti wa kamati, alitangaza kwamba darasa hili ni la kupoteza wakati na chumba kitafaa zaidi kuwekea mahindi. Akina mama waliinamisha vichwa. Mwalimu hakuinamisha.

"Mzee, nipe mpaka maonyesho ya mjini Wote," alisema. "Nikikosa zawadi, gunia la kwanza nitaliingiza mimi kwa mgongo wangu."

Wiki saba alizunguka kwa mafundi wa sokoni akiokota vipande: kaki, bluu ya sare za shule, kijani cha mapazia. Aliviunganisha vikawa vilima vya kwetu hapa Kilungu, akaweka pamba katikati na kitambaa nyuma, kisha akapitisha mishono mstari kwa mstari, kama matuta ya shamba. Juu yake akadarizi migomba, nyumba za mabati na mbuzi mmoja mwenye kiburi.

Siku mbili kabla ya maonyesho, kilima cha mwisho kikiwa bado, cherehani ilianza kuruka mishono na kukata uzi. Hadithi hii mnaijua, nimewasimulia kila Krismasi: jinsi nilivyoifungua yote, nikaipanga tena bila kubakiza hata skrubu, na ikaamka ikiimba.

Kule Wote blanketi ilichukua nafasi ya kwanza. Mzee Kivuva mwenyewe alisimama mbele yake akifuata matuta kwa kidole mpaka akafika nyumbani kwake, halafu akalalamika kwamba yule mbuzi yuko kwenye shamba la jirani. Mahindi yalitafutiwa nyumba nyingine. Tangu siku hiyo wanawake zaidi ya mia sita wamepita chumba hiki, na nyumba zao zinajulikana kwa mapazia tu, hata kabla hujabisha hodi.

Mwalimu Kalunde, asante kwa mikono yako na subira yako. Nenda Mutomo ukashone ya kwako sasa, bila mtu wa kukuharakisha. Tunakuombea afya, macho makali na wajukuu wasioficha mkasi.

Na kwa kuwa unaondoka, acha niseme. Ile cherehani haikuwa mgonjwa. Asubuhi ile mimi ndiye niliyebadilisha sindano, nikaitia ule upande wake bapa ukiangalia pasipofaa, ndiyo maana ikaruka mishono. Nilipoenda kuleta mafuta nilikuona kupitia dirishani ukiigeuza ile sindano kwa vidole viwili. Niliporudi ulisema tu, "Asante Musembi, imekubali." Miaka kumi na sita umenisikiliza nikijisifu kila Krismasi, na kila Krismasi umenipigia makofi.