Tata Ngeleka, Mlinzi wa Hesabu Zetu

Tarehe 31 Julai 2025, Tata Godefroid Ngeleka anastaafu baada ya miaka thelathini na mmoja katika chuo chetu hapa Kolwezi. Aliajiriwa mwaka 1994 kama fundi umeme. Anaondoka akiwa msimamizi wa klasta, yaani zile mashine kumi na mbili zilizounganishwa ili zifanye hesabu kubwa kwa pamoja kama mashine moja.

Klasta ilifika mwaka 2015 ndani ya maboksi, na hapakuwa na aliyejua kuiwasha. Tata Ngeleka alipewa ufunguo wa chumba kwa sababu ndiye aliyeshughulikia jenereta. Mengine alijifunza mwenyewe saa za mchana, kamusi ya Kiingereza ikiwa kando ya sahani yake ya bukari.

Programu ya hesabu tuliyokuwa nayo ilikuwa na leseni tano kwa chuo kizima. Watu watano wakiifungua, wa sita anangoja. Ijumaa moja mhadhiri aliifungua, akaiacha wazi, akaenda zake Dilolo harusini. Tata Ngeleka alimpigia simu mara nyingi mpaka bibi harusi akaizoea sauti yake. Baada ya hapo alitufundisha wote programu ya bure inayoelewa karibu amri zilezile.

Wageni wa klasta hukosea jambo lilelile: wanaendesha hesabu kwenye mashine ya kuingilia badala ya kuituma kwenye foleni, na watu wote wanakwama. Profesa Kanku naye alifanya hivyo. Tata Ngeleka aliisimamisha hesabu yake, na profesa akaja amekasirika, akitaka kujua ni nani amethubutu. Alipewa kiti na chai. Kisha akaelezwa kwa upole: "Professeur, pale ni ku mulango. Batu banapitaka, habalalake pale." Profesa alicheka, na siku hizi huwaeleza wanafunzi wake kwa maneno hayohayo: mlangoni watu hupita, hawalali.

Kwa umeme alikuwa mkali. Kwa kuwa hukatika bila taarifa, hasa mvua ikinyesha, alikataa kupokea hesabu yoyote isiyohifadhi hali yake kila saa. Wengi tulimsikia akilaumiwa kwamba anachelewesha kazi. Alijibu kwamba kuchelewa kidogo ni afadhali kuliko kuanza upya.

Aliyemtii zaidi ni Hénock, mhadhiri wa jiolojia, mume wangu. Kwa miezi saba alikuwa akitayarisha hesabu ya jinsi maji ya chini ya ardhi yanavyosogea kuelekea nyumba za Musonoi, kando ya mashimo ya migodi. Alifariki Septemba mwaka juzi, kwa ugonjwa mfupi, hesabu ikiwa haijafika nusu. Kanuni ya chuo ilikuwa wazi: akaunti isiyo na mwenyewe hufungwa baada ya siku thelathini, na mafaili yote yanafutwa.

Tata Ngeleka hakuificha akaunti, wala hakungoja siku zifike. Aliandika barua kwa kamati, akaenda kuitetea mwenyewe, amevaa koti lile la kahawia la sherehe. Kamati ilikubali siku ya ishirini na saba. Mmoja wao, kwa huruma, akapendekeza hesabu ya marehemu ipitishwe mbele ya nyingine zote. Tata Ngeleka alikataa.

"Hénock hakuruka mutu hata siku moya," alisema. "Na leo sitamurukisha."

Basi ikapanga foleni. Ilingoja siku nane, ikaendeshwa siku ishirini na tatu. Umeme ulikatika mara sita, na kila mara iliendelea kutoka saa ya mwisho iliyohifadhiwa. Siku hesabu ilipomalizika, Tata Ngeleka hakupiga simu. Alikuja kwa miguu mpaka maktaba, ninakofanya kazi, akavua kofia.

"Mama Adèle, ya tata Hénock imeisha. Iko muzima."

Mwaka uliofuata, Tania, mwanafunzi wa Hénock, alitetea tasnifu yake kwa matokeo hayo, na ramani yake sasa imebandikwa katika ofisi ya mtaa kule Musonoi. Chuo nacho kimebadili kanuni. Kazi ya aliyefariki haifutwi tena kabla ya wenzake na familia kuulizwa.

Kuanzia Agosti, chumba cha klasta kitakuwa mikononi mwa Tania na Akram, fundi wa mtandao. Wiki hii Tania ameanzisha hesabu mpya, akianzia pale Hénock alipofika. Itamalizika katikati ya Agosti, Tata Ngeleka akiwa nyumbani kwake Manika. Ameahidi hatapiga simu kuuliza imefika wapi. Sisi tunajua atapiga, na tumekubaliana kwamba yeyote aliye karibu atapokea.

Asante, Tata, kwa kila saa uliyotuhifadhia. Uwe na afya, ulale vizuri hata mvua ikinyesha, na mkeo, Mama Ernestine, akuzoee nyumbani mchana kutwa.

Adèle, Maktaba ya Chuo