Dama Iha, Mpishi wa Golbanti, na Mguu Uliompeleka Mombasa

Marehemu Dama Iha alizaliwa Chara mwaka wa 1915, binti wa kwanza wa Mzee Iha na Mama Kadii, waliohamia huku kutoka upande wa Malindi kutafuta shamba. Alisoma katika shule ya misheni hapa Golbanti hadi darasa la nne. Mama alipougua, Dama aliacha masomo akawalea wadogo zake. Mdogo wake anayesoma maneno haya ni mmoja wao.

Mwaka wa 1934 alifunga ndoa na Bwana Kenga, seremala. Walijaliwa watoto watano. Wawili walitangulia mbele ya haki. Kuanzia 1941 alikuwa mpishi wa wanafunzi wa bweni, kazi ya kusimama mbele ya sufuria tangu alfajiri. Mwalimu mmoja mgeni aliwahi kujipakulia ugali kabla haujaiva. Dama alimpokonya sahani. "Utakula ukiiva, mwalimu. Tumbo likikuuma, nitasemwa mimi."

Baada ya uzazi wa tatu, mishipa ya mguu wake wa kulia ilianza kuvimba na kujipinda chini ya ngozi. Juu ya kifundo likatokea donda ndugu, halikusikia dawa. Wengine walisema amekanyaga uchawi, na shemeji mmoja akamshauri Bwana Kenga amrudishe kwao. Badala yake Bwana Kenga alimchongea mkewe kigoda apikie ameketi, naye hakukikalia.

Machi 1953, mshipa ulipasuka jikoni. Damu iliruka hadi kwenye kuni, na wapishi wenzake wakakimbia wakipiga mayowe. Qabale, mama wa Kiorma aliyekuwa ameleta maziwa, alimlaza sakafuni, akauweka mguu begani pake na kuubana kwa ncha ya mtandio. Dama alitaka kuinuka aangalie sufuria.

"Wewe lala!" Qabale alimkemea. "Chakula nangoja. Damu hapana ngoja."

Damu ilisimama. Dresa, mfunga vidonda wa zahanati, aliufunga mguu, akasema apelekwe Mombasa. Huko daktari alieleza kwamba ndani ya mshipa mna vijilango vya kuzuia damu isirudi chini, na vya Dama vilikuwa vimelegea. Mshipa ungefungwa kwenye kinena, kisha ungevutwa utoke.

"Na ukitolewa, damu itapita wapi?" Bwana Kenga aliuliza.

"Iko mingine ndani zaidi, nayo ndiyo inayobeba damu nyingi. Huu unamuumiza tu."

Bwana Kenga alitaka warudi nyumbani wakafikiri. Dama alikataa. "Wewe ubao ukioza huuachi ukutani. Niache nikatwe."

Alipasuliwa Julai 1953. Kesho yake aliambiwa atembee, akatembea huku analia. Kufikia Krismasi donda lilikuwa limefunga, naye amerudi jikoni. Daktari alikuwa amemtaka arudi kwa ajili ya mguu wa kushoto pia. Kila mwaka alisema ataenda baada ya mavuno ya mpunga, na kila mwaka hakwenda.

Mei mwaka huu wa 1957 alishikwa na malaria, akalala muda mrefu. Mguu wa kushoto ukavimba hadi pajani, ukawa moto. Mto ulikuwa umefurika. Alipelekwa Garsen kwa mtumbwi, lakini barabara ya kwenda Mombasa ilikuwa imekatika.

Wakingoja lori, alimwita binti yake Sidi, ambaye mishipa ya miguu imeanza kumtokeza tangu ajifungue mwana wa pili.

"Uende Mombasa ukiwa mzima," alimwambia. "Usiende umebebwa."

"Mama, pumzika kwanza."

"Sema utaenda."

"Nitaenda, mama."

Asubuhi ya Ijumaa, tarehe 14 Juni, kifua kilimbana ghafla, pumzi zikamwishia. Tulielezwa baadaye kwamba damu iliganda mguuni, na bonge lake likapanda hadi mapafuni. Familia haimlaumu mtu.

Marehemu ameacha mama yake mzazi, Kadii. Mumewe, Bwana Kenga. Watoto watatu, wajukuu wawili na ndugu zake. Sidi ataondoka na lori la kwanza barabara ikifunguka, na mdogo wa marehemu anayesoma haya atamsindikiza.

Dada Dama, Mungu akupe pumziko lake la amani.